Udukuzi wa Halali: Maabara ya Usalama kwa Kompyuta Mbili Ndogo

Utangulizi

Fundi wa kufuli hahesabiwi kuwa fundi mpaka ajue jinsi kufuli linavyofunguka pasipo ufunguo. Ujuzi huo huo ndio autumiao mwizi. Wote wawili wana vidole vyepesi na vyombo vinavyofanana. Tofauti yao ni kwamba fundi ameitwa na mwenye nyumba, na mwizi hakuitwa.

Katika elimu ya kompyuta, kazi ya kutafuta njia ya kuingia katika mtambo uliofungwa huitwa udukuzi. Kazi hiyo ikifanywa kwa idhini ya mwenye mtambo, kwa nia ya kumwonyesha palipo na ufa ili auzibe, huitwa udukuzi wa kimaadili, au kwa lugha nyepesi, udukuzi wa halali. Hospitali, benki na serikali huwaajiri watu wenye ujuzi huu, na wengi wao walianza kwa kujifundisha wenyewe.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi wa shule ya sekondari namna ya kuanza elimu hiyo kwa vifaa vichache: kompyuta mbili ndogo na waya mmoja. Tutafanya majaribio matatu. Katika yote tutaona kwamba udhaifu mwingi wa mitambo hupimika kwa hesabu za sekondari, na kwamba mtu aweza kuujifunza vizuri bila kugusa hata mara moja mtambo usio wake.

Baba na Mwana

Historia ya elimu hii ina mfano unaofaa kuwaeleza wanafunzi kabla ya jaribio lolote. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Robert Morris na Ken Thompson, walichapisha uchunguzi wao juu ya maneno ya siri ambayo watu hutumia kuingia katika kompyuta. Walichunguza maneno 3,289. Wakakuta kwamba 2,831 kati yake, yaani asilimia 86, ama yalikuwa mafupi mno, ama yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Walipima, wakaandika, wakapendekeza dawa. Dawa hiyo tutaikuta katika jaribio la pili.

Tarehe 2 Novemba 1988, mwana wa Morris, ambaye naye aliitwa Robert, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell. Siku hiyo aliachia mtandaoni programu iliyoweza kujinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kubahatisha maneno ya siri: ilibeba orodha ya maneno 432, na hayo yakishindikana, ilitumia kamusi iliyomo katika mtambo wenyewe. Programu haikufuta majalada ya mtu, lakini ilijinakili kupita kiasi, hata maelfu ya kompyuta yakaelemewa na kazi. Mwaka 1990 kijana huyo alihukumiwa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kuitumikia jamii, na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuwa profesa wa chuo kikuu, lakini jina lake limebaki katika vitabu vya sheria kama mmoja wa watu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1986 dhidi ya uhalifu wa kompyuta.

Baba na mwana walijua jambo lile lile kuhusu maneno ya siri. Mmoja alilichunguza kwa mipaka na kuwapa watu kinga. Mwingine alilijaribia katika kompyuta za watu ambao hawakuombwa ruhusa, na jaribio likamponyoka mkononi. Maabara tutakayoieleza hapa imejengwa ili jaribio lisiweze kumponyoka mwanafunzi.

Vifaa vya Maabara

Tarehe 29 Februari 2012 ilianza kuuzwa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, ili vijana wajifunze kuandika programu. Ukubwa wake ulikuwa kama wa kadi ya benki, na bei yake dola 35. Novemba 2015 ikatoka nyingine ndogo zaidi, iliyoanza kuuzwa kwa dola 5. Bei hubadilika mwaka hadi mwaka, na kodi na usafiri huongeza gharama. Hata hivyo kompyuta za aina hii zimebaki kuwa miongoni mwa zilizo rahisi kununua. Shule isiyoweza kuzipata yaweza kutumia kompyuta mbili kuukuu za mezani, mradi zikubali mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure.

Kompyuta ndogo ina faida tatu kwa kazi yetu. Kwanza, hutumia umeme kidogo, hivyo hata shule yenye umeme wa jua yaweza kuiendesha. Pili, mfumo wake wote umo katika kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha. Mwanafunzi akiharibu, kadi huandikwa upya na mtambo ukarudi ulivyokuwa. Tatu, haibebi barua, picha wala hesabu za mtu yeyote. Ni mtambo ambao mwanafunzi ana haki kamili ya kuuvunja.

Chukua kompyuta mbili za namna hiyo. Ya kwanza tuiite Nyumba, ya pili tuiite Mgeni. Ziandikie kadi zake na uziwekee programu zote utakazohitaji ukiwa bado na intaneti: lugha ya Python kwa zote mbili, na programu ya kusikiliza mawasiliano, kama Wireshark, kwa Nyumba. Kisha ondoa intaneti. Zima redio ya mtandao katika kompyuta zote mbili, na uziunganishe kwa waya mmoja wa mtandao. Ipe Nyumba anwani 192.168.50.1 na Mgeni 192.168.50.2. Anwani hizi ni za kundi lililotengwa kwa mitandao ya ndani. Sasa unazo kompyuta mbili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na hakuna waya wala redio inayotoka nje. Huo ndio ukuta wa maabara, na hakuna jaribio lifanywalo kabla mwalimu hajaukagua.

Jaribio la Kwanza: Milango

Lengo ni kujua kompyuta inawasikiliza wageni kwa njia zipi.

Kompyuta iliyomo mtandaoni ina milango yenye namba kuanzia 1 hadi 65,535. Mingi imefungwa. Ile iliyo wazi ina programu inayongoja nyuma yake: kwa desturi, mlango 22 ni wa SSH, yaani programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, mlango 80 ni wa kurasa za mtandao zisizofichwa, na 443 ni wa kurasa zilizofichwa.

Mazungumzo katika mlango huanza kwa hatua tatu, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa maana yake. Mgeni hupeleka ujumbe mfupi ambao ni kama kusema "Hodi!" Mlango ukiwa wazi, Nyumba hujibu "Karibu!" Mgeni naye hujibu "Ahsante," ndipo mazungumzo yaanze. Mlango ukiwa umefungwa, Nyumba hujibu kwa kukataa. Na iwapo kuna programu ya ulinzi inayowazuia wageni, jibu laweza kuwa kimya kitupu.

Utaratibu ni huu. Katika Nyumba, washa huduma ya SSH na huduma ndogo ya kurasa. Katika Mgeni, andika kwa Python programu ya mistari michache itakayopiga hodi katika mlango 1, kisha 2, kisha 3, hadi 1,024, na kuandika kila jibu katika orodha. Ipo programu mashuhuri ya kazi hii, nayo ni Nmap, lakini ni afadhali mwanafunzi aandike ya kwake kwanza ili aelewe. Akimaliza, azime huduma ya kurasa, arudie, na alinganishe orodha mbili.

Katika orodha ya pili mlango mmoja utakuwa umetoweka. Fundisho ni kwamba kila mlango ulio wazi lazima uwe na sababu, na mwenye nyumba awe anaijua. Lakini hata mlango wenye sababu huhitaji ufunguo wake mwenyewe. Kwa miaka mingi Raspberry Pi zilianza kazi zikiwa na mtumiaji wa jina "pi" na neno la siri "raspberry", zote sawasawa duniani kote, mpaka desturi hiyo ilipoondolewa Aprili 2022. Hatari ya maneno ya siri ya kiwandani ilidhihirika mwaka 2016, programu iliyoitwa Mirai ilipojaribu orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya namna hiyo, ikateka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vingine vidogo. Watungaji wake watatu, vijana wa Marekani wenye umri wa miaka 20 na 21, walikiri makosa yao mahakamani Desemba 2017.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Aprili 2018, wavamizi waliingia katika mtandao wa Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA inayoshughulika na safari za Mirihi, wakachukua takriban megabaiti 500 za taarifa. Ripoti ya mkaguzi iliyotolewa Juni 2019 ilieleza kwamba waliitumia Raspberry Pi iliyokuwa imeunganishwa humo bila idhini. Kompyuta hizi ndogo ni mwalimu mwema zikiwa ndani ya ukuta wake. Zikiachwa katika mtandao wa wengine, huwa dirisha lililosahauliwa wazi.

Jaribio la Pili: Maneno ya Siri

Lengo ni kupima kwa saa na kwa hesabu nguvu ya neno la siri.

Mtambo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi neno la siri lenyewe. Huhifadhi kitu kiitwacho heshi, ambacho twaweza kukifananisha na alama ya dole gumba. Neno hupitishwa katika kanuni ya hesabu na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, mfululizo huo una alama 64, neno liwe fupi au refu. Neno lile lile hutoa heshi ile ile daima. Ukibadilisha herufi moja, heshi yote hubadilika. Na hakuna njia inayojulikana ya kuirudisha heshi iwe neno. Mtu aliyeiba orodha ya heshi hubaki na njia moja: kubahatisha neno, kulikokotolea heshi, na kulinganisha.

Tunga neno la siri la bandia, likokotolee heshi katika Nyumba, na uinakili heshi hiyo katika Mgeni. Kisha andika programu itakayojaribu maneno yote ya urefu fulani, moja baada ya moja. Pima kwanza kasi: Mgeni hujaribu maneno mangapi kwa sekunde? Kila kompyuta itatoa jibu lake. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba umepata 200,000.

Namba ya siri ya tarakimu 4 ina uwezekano 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Yote humalizika katika sehemu 5 za mia za sekunde. Neno la herufi ndogo 6, kwa herufi 26 za kibodi, lina uwezekano 308,915,776: dakika 26. Neno la herufi 8 lina uwezekano 208,827,064,576: siku 12. Neno la herufi 10 huchukua zaidi ya miaka 22.

Wanafunzi waangalie kwamba kila herufi inayoongezwa huzidisha kazi mara 26. Hapa somo la vipeo, ambalo wengi huliona kavu, huonekana jinsi linavyofanya kazi duniani. Lakini wasijidanganye kwa miaka 22. Kompyuta yetu ni dhaifu; mitambo yenye kadi maalumu za kuchorea picha hujaribu mabilioni kwa sekunde. Kwa kasi ya bilioni moja, neno letu la herufi 8 hudumu dakika tatu na nusu tu.

Isitoshe, mbahatishaji mwerevu haanzi na herufi. Huanza na kamusi. Watu wengine hudhani kwamba neno la Kiswahili ni salama kwa kuwa wavamizi wa mbali hawakijui Kiswahili. Dhana hiyo ni ya hatari. Kompyuta haihitaji kulielewa neno. Yahitaji orodha tu. Orodha ya maneno 20,000 ya Kiswahili humalizwa na kompyuta yetu ndogo kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Majina ya watoto, timu za mpira na miaka ya kuzaliwa vimo katika orodha hizo pia.

Dawa zipo, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni ile iliyoelezwa na Morris na Thompson mwaka 1979, iitwayo chumvi. Kabla ya kukokotoa heshi, mtambo huongeza herufi chache za bahati nasibu, tofauti kwa kila mtu. Wanafunzi wawili wenye neno moja la siri hupata heshi mbili tofauti, na mwizi hulazimika kuanza upya kwa kila mtu. Jaribu: kokotoa heshi ya neno moja kwa chumvi mbili, uone.

Ya pili ni kupunguza kasi kwa makusudi. Tukiirudia kanuni mara 100,000 kwa kila neno, kasi ya Mgeni yaweza kushuka kutoka 200,000 hadi maneno 2 kwa sekunde. Mwenye neno lake husubiri nusu sekunde, asisumbuke. Mwizi wa herufi 6, aliyehitaji dakika 26, sasa ahitaji karibu miaka 5.

Ya tatu iko mikononi mwetu, nayo yafaa kuwa kazi ya darasa zima. Andikeni orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili, mafupi na yanayokumbukika, na kila neno lipewe namba yake kwa mirusho minne ya dadu, kuanzia 1111 hadi 6666. Mwanafunzi arushe dadu mara 20, apate maneno 5: kwa mfano, "pweza", "ngazi", "asali", "mwezi", "jembe". Uwezekano ni 1,296 kwa kipeo cha 5, yaani zaidi ya trilioni 3,656. Mgeni angehitaji zaidi ya miaka 579 kuumaliza, hata kama orodha yote anayo mkononi. Ulinzi huu umetoka katika dadu. Mwanafunzi asiyachague maneno mwenyewe, kwa maana moyo wa binadamu hupenda yale yale.

Twaweza sasa kujibu swali ambalo wanafunzi huuliza: ikiwa namba ya tarakimu 4 huvunjwa kwa kupepesa jicho, je, fedha zetu za simu zinalindwaje? Zinalindwa kwa kuwa mtambo wa kampuni humruhusu mtu kukosea mara chache tu, kisha hufunga. Mwizi hapewi nafasi ya kujaribu 10,000. Ndiyo maana matapeli wengi huacha hesabu na kumwendea mwenye namba, kwa sauti ya mhudumu au kwa ujumbe usemao "ile pesa itume kwenye namba hii". Ufa huo hauzibwi kwa heshi. Huzibwa kwa elimu.

Jaribio la Tatu: Waya

Lengo ni kuona kinachopita katika waya.

Katika Nyumba, washa ukurasa wenye nafasi ya kuandika jina na neno la siri, katika mlango 80. Washa pia programu ya kusikiliza. Katika Mgeni, fungua ukurasa huo, andika jina na neno la bandia, kisha peleka. Sasa soma kilichonaswa. Neno la siri litaonekana herufi kwa herufi, kama barua iliyopelekwa bila bahasha. Rudia kwa kuingia katika Nyumba kwa njia ya SSH, ambayo husimba ujumbe kabla ya kuupeleka. Safari hii yataonekana mafumbo matupu.

Mwanafunzi makini ataona jambo la ziada. Hata ujumbe uliosimbwa huonyesha anwani ya aliyepeleka, anwani ya aliyepokea, saa na ukubwa wa ujumbe. Kusimba huficha yaliyosemwa. Hakufichi kwamba watu wawili wamezungumza.

Idhini na Sheria

Majaribio haya, yakifanywa katika mitambo ya wengine bila idhini, yaweza kuwa makosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 iliweka, kwa kosa la kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya thamani ya faida aliyopata mkosaji, kwa kutegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mkosaji hatajitetea kwa kusema kwamba alikuwa anajifunza.

Basi mwalimu awape wanafunzi kanuni nne, ziandikwe ukutani:

1. Usijaribu mtambo usio wako bila idhini ya mwenyewe, iliyoandikwa na kutaja mipaka. Mtandao wa shule si wako.
2. Tumia maneno ya siri ya bandia tu. Usiweke katika maabara neno la siri la mtu yeyote, hata lako.
3. Andika katika daftari kila ulichofanya, saa uliyokifanya na ulichokiona.
4. Ukiuona ufa katika mtambo wa mwingine kwa bahati, simama hapo hapo. Usiuingie ili kuhakikisha. Mwarifu mwenyewe, kwa kumpitia mwalimu wako. Tanzania kipo pia kikosi cha taifa kinachoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Desturi yetu ya hodi yabeba sheria hii yote. Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, huondoka, hata kama anaona mlango haukufungwa.

Maswali na Mazoezi

1. Neno la siri lina alama 7, na kila alama ni herufi ndogo au tarakimu. Tafuta jumla ya uwezekano, na muda wa kuumaliza kwa kasi uliyoipima katika kompyuta yako.
2. Eleza kwa nini chumvi haihitaji kufichwa ili ifanye kazi yake.
3. Mtu amechagua maneno 4 kwa dadu badala ya 5. Onyesha kwamba muda wa kumaliza uwezekano wote, kwa kasi ya 200,000, hupungua hadi siku 163 hivi.
4. Jadilini darasani: Robert Morris mwana angewezaje kulifanya jaribio lake la mwaka 1988 bila kumdhuru mtu?

Hitimisho

Mahospitali yetu, mabenki yetu na daftari za mitihani yetu vimo ndani ya kompyuta, na vitalindwa na vijana ambao leo wako madarasani. Kijana mwenye udadisi atajifunza kufungua kufuli, tukimfundisha au tusimfundishe. Shule ikimpa kufuli la kufungulia, meza ya kufanyia kazi na mtu mzima wa kumwuliza, itakuwa imempa taifa fundi. Kompyuta mbili ndogo na waya mmoja vyatosha kuanzia.